Moyo wa Mwalimu Nzomo Ulikuwa Kulia

Marehemu Mwalimu Joseph Nzomo alizaliwa Kabati, Kitui, mwaka wa 1941, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Muthama na marehemu Mama Kavata. Mimi Kiema, ninayesoma haya, ndiye kitinda mimba wao.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha chuo cha ualimu Machakos, na mwaka wa 1964 akaanza kufundisha sayansi. Kila somo alilifungua kwa ajabu moja: pweza ana mioyo mitatu, shingo ya twiga ina mifupa saba tu, kama yako, vita vya Zanzibar vya 1896 havikumaliza hata saa moja. Watu walimcheka, "Mwalimu, hiyo umetunga." Hakutunga hata moja.

Ajabu kubwa alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka wa 1967, akitibiwa kifua katika hospitali ya misheni kule Mutomo, eksirei ilionyesha kwamba moyo wake uko kulia, na ini, tumbo na vyote vya ndani vimegeuzwa. Daktari alimwambia ataishi kama watu wengine. Alirudi na furaha tele, akawa anawashikisha wanafunzi kifua chake. Laiti angenyamaza!

Maana habari zilimfikia Mzee Mutiso wa Mutomo, babake Muthoki, msichana ambaye Nzomo alitaka kumwoa. Mwaka wa 1969 tulimpelekea mbuzi watatu wa ntheo, ambao kwetu Wakamba ndio humfanya mke kuwa mke. Aliwafukuza pamoja nasi. "Siwezi kupea msichana wangu mtu wa kuzikwa kesho," alisema.

Muthoki alimfuata Nzomo hata hivyo. Walifunga ndoa kanisani Januari 1970, wakajaliwa Mwangangi na Mumbua. Lakini kila penye harusi au matanga hakukosa mama wa kumkumbusha Muthoki kwamba kwetu yeye ni mgeni tu. Nzomo alipeleka mbuzi tena mara mbili, wakarudishwa. Jambo hilo lilimuuma sana, na wengi hamkujua.

Juni mwaka huu wa 1994, tumbo lilimshika upande wa kushoto. Katika kliniki moja aliwaeleza kwamba kidole tumbo chake kiko upande huo. Walicheka, wakampa dawa ya minyoo. Kilipasuka. Alifanyiwa upasuaji Mutomo, lakini usaha ulikuwa umeshaenea.

Ijumaa tarehe 17 asubuhi, akiwa amezimia kitandani pale hospitalini, binamu yetu kutoka Mwingi alimgusa kifua upande wa kushoto, akakosa kitu, akaangua kilio. Sote tukafuata. Ndipo Mzee Mutiso alipoingia, akijikokota na fimbo yake.

"Nyamazeni!" Muthoki alisema. "Huyu hajaenda." Akaushika mkono wa babake, akauweka kulia.

Mzee aliiachilia fimbo, akauongezea mkono wa pili.

"Unapiga," alisema. "Miaka hii yote, kumbe unapiga tu. Mwangangi, enda uniletee mbuzi zangu."

Mbuzi walipokelewa alasiri hiyo. Muthoki alimnong'oneza Nzomo habari hizo, naye akamfinya kidole. Jioni moyo wake ulisimama chini ya kiganja cha Muthoki.

Marehemu ameacha watoto wawili, Mwangangi na Mumbua, mkwe wake, Mzee Mutiso, mimi nduguye, na wanafunzi wengi. Ameacha pia mke, Muthoki. Nasema mke, na aliye na la kusahihisha asimame sasa.

Kwa neno hilo, ndugu yangu, pumzika kwa amani.