Mama Vitufe na Kona Iliyokwepwa

Dada yetu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vitufe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mimi ni kitinda mimba, nami nimepewa kazi ya kusoma haya kwa kuwa wenzangu wamesema hawataweza kuyamaliza. Haya, tuone.

Shuleni alisifika kwa hesabu na kwa ubishi. Alipohitimu chuo kikuu mwaka 1984, akisomea kompyuta, mhadhiri wake alimwambia baba, "Mzee, binti yako ukimwambia mbili na mbili ni nne, anakuuliza nani kasema."

Mwaka 1988 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa muziki, mtulivu kama maji ya mtungi. Wakajaliwa mabinti wawili, na baba akahamia kwao mikono yake ilipoanza kutetemeka.

Mikono hiyo ndiyo iliyomfundisha dada kazi. Mwaka 2003 alitengeneza programu ya mashine ya kuandikisha wagonjwa kwenye ukumbi wa kusubiri hospitalini. Ukigusa kioo popote, hata kwa mkono unaotetemeka kama wa baba, vitufe vinakuja kukizunguka kidole chako. Hakuiombea hataza, ile haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie kazi yake bila kumlipa. "Ni ya kila mwenye kidole," alisema.

Miaka ikapita. Kampuni moja kubwa ikapewa hataza ya ubunifu huohuo, ikazitaka hospitali zote ziilipe au zizime mashine. Dada alipinga, akashindwa: ofisi ya hataza iliamua kwamba picha alizopeleka za mashine yake hazikuthibitisha kuwa kitu hicho kilikuwa hadharani kabla ya ombi la kampuni. Tulimsihi aachane nayo, mimi nikiwa mstari wa mbele.

"Dada, mwenye nguvu mpishe."

"Mpishe wewe. Mimi nakata rufaa."

Rufaa ilisikilizwa Juni 2014. Dada alisimama mwenyewe, akamgeukia wakili wa kampuni.

"Kwenye michoro yenu, vitufe vinaikwepa kona ya chini kushoto. Kwa nini?"

"Ni... ni urembo tu wa muundo."

"Urembo gani, mwanangu? Kioo cha mashine yetu kilikuwa na ufa pale. Mimi ndiye niliyevizuia vitufe visipite, watu wasije wakajikata."

Muuguzi mkuu wa hospitali ile akathibitisha: kioo kile kilipasuka mwaka uleule wa kwanza, kikabadilishwa kabla kampuni haijapeleka ombi lolote. Ina maana walikuja, wakakaa kwenye viti vya wagonjwa, wakanakili mpaka kidonda. Njia ya mwongo ni fupi. Hataza ikafutwa, na shemeji, mtulivu yule, akapiga vigelegele mpaka karani akamtoa nje. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia dada siku ile.

Mwaka 2023 kiharusi kilimnyang'anya mkono wa kulia. Nilimpeleka kliniki ya mji mwingine, ambako hakuna aliyemjua. Muuguzi kijana alimwona amesimama mbele ya mashine, akamwambia kwa upole, "Usiogope, bibi. Gusa popote, vitakufuata."

Dada akagusa kwa mkono wa kushoto. Vitufe vikaja. Nilitaka kumwambia yule muuguzi ni nani aliyesimama mbele yake, lakini dada alinifinya. Alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, usingizini. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na sisi wadogo zake, nikiwemo mimi niliyemshauri apishe. Ashukuriwe Mungu kwa kuwa hakunisikiliza. Pumzika kwa amani, dada, umeshinda.