Mwenzako Anakuita

Macho hayana pazia, na asubuhi ile masikio ya fundi cherehani nayo hayakuwa nalo. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi, mzee anayesambaza mikate kwa baiskeli alikuwa akimfundisha kazi mama mmoja, dereva wa lori.

"Lori likikata kona napita ubavuni. Miaka thelathini, binti yangu. Napiga kengele, linanipisha."

"Baba, huko ubavuni sikuoni. Kaa nyuma, nikishamaliza kona ndio upite."

"Nikae nyuma nile moshi? Huna macho, na masikio pia huna?"

"Masikio ninayo. Na injini ninayo."

Mzee akaguna. "Siku hizi leseni anapewa kila mtu."

Basi likaanza kukata kona. Fundi akachungulia dirishani. Chini yao mwendesha baiskeli alibanwa kati ya basi na ukingo wa barabara, kidole gumba kikihangaika juu ya kengele. Ndani hakikusikika kitu. Fundi akaligonga bodi kwa viganja viwili, basi likasimama.

Dereva wa lori akainama, akatazama nje, kisha akamgeukia mzee.

"Mwenzako anakuita, baba. Mbona huitikii?"