Kiwiko Kilichotupimia Maji

Miaka thelathini na nne na miezi miwili, si mchezo. Tarehe thelathini mwezi huu Kiwiko anastaafu, na mimi mfua taulo, niliyemkuta kazini, nimeambiwa niseme habari zake tukimuaga. Kuandika sijui. Karani ananiandikia, na nimemwambia asininyooshee maneno.

Wageni wapya wa bafu letu la maji moto watauliza Kiwiko ni nani. Ni yule baba aliyekunja shati mkono mmoja, wa kulia. Maji yetu yanatoka mlimani yanatokota, yananuka yai viza, lakini goti lililogoma likikaa humo siku tatu linashuka ngazi lenyewe. Kazi yake ni kuchanganya: koki ya moto, koki ya baridi, halafu kiwiko ndani ya hodhi, kama mama anavyopima maji ya mtoto. Akiita "tayari", unaingia. Kipimajoto kilikuwepo ukutani, yeye alikuwa anakisalimia tu anapita.

Siku ya harusi ya binti yake alivaa suti. Ikaletwa supu ya moto, tukamwona anavua koti, anakunja mkono wa kulia. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Mpaka leo wakwe hawajui walinusurika nini.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mwezi wa pili mwaka huu. Asubuhi, hatujafungua, akaita tayari. Mimi napanga taulo, naona mvuke si wa kawaida. Nikatia vidole, nikavitoa mbio. Nikamwambia, kaka, leo maji yanauma. Akatia kiwiko tena, akakiacha humo, ananiangalia. Hakisikii kitu. Miaka yote ile ya maji moto imekifanya kigumu kama kisigino.

Nikamwambia tunyamaze. Imebaki miezi michache, mimi nitapima, yeye ataita, nani atajua? Niliogopa wasije wakamtoa kabla ya siku yake, akaondoka kama aliyefukuzwa. Yeye akafunga koki ya moto, akasema polepole:

"Dada, mtu akiungua hapa, watasema maji mabaya. Na maji hayajakosa."

Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo. Kazini sikuwahi kumwona amekifunga kile kifungo. Akaenda mwenyewe kwa meneja, akajisema. Mimi nikabaki nalia kwenye taulo, na taulo ndizo nilizokuwa nazo nyingi.

Meneja hakumtoa. Alimwambia amalize miezi yake akimfundisha kazi mkwe wangu, mke wa mwanangu, na kipimajoto kishuke ukutani. Sasa mkwe anasoma kipimajoto, halafu anatia kiwiko, maana mwalimu wake hakubali kimoja bila kingine. Miaka yote hiyo hakuungua mgeni hata mmoja. Hilo nimelitaja mimi. La mwezi wa pili kaniambia mwenyewe nisiliruke.

Lakini hodhini hajawahi kukaa. Ukimwambia aingie naye, anasema kuna watu wanangoja. Basi tarehe thelathini jioni, wageni wakishatoka, hodhi ni lake.

Asante kaka, kwa magoti yetu na migongo ya watu. Ukae kwa raha na wifi yangu, na supu umwachie yeye aionje. Taulo nene nimeshakutengea. Siku hiyo usitie mkono kwanza. Kaa pale pembeni kama mgeni, mpaka unisikie mimi nimeita tayari.