Pilipili za Mahmudu Zahukumiwa Kufa

Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya kwado ya Mahmudu, kibanda chake cha kuziba matairi, pale Baraka kwenye barabara inayoshuka bandarini. Birika la Assumani, muuza chai ya tangawizi, likishafika, hapo hakuna mtu anayekubali kwamba kuna jambo asilolijua. Mahmudu mwenyewe, fundi wa matairi ambaye hakufundishwa na mtu yeyote, wanamwita Presho, kwa sababu anajaa haraka kuliko tairi lolote. Alhamisi hiyo alikuwa amejaa tangu alfajiri. Miti yake kumi na miwili ya pilipili, iliyopandwa kwenye matairi makuukuu yaliyokatwa na kugeuzwa nje ndani, karibu yote ilikuwa imejikunja majani ya juu. Na alikuwa amempa Félicité, mkaanga samaki wa mikeke, ahadi ya ndoo nzima kwa Jumamosi.

— Musinifariji, aliwaambia. Félicité wa mikeke ya kukaanga aliacha kununua kwa bamama ba kijiji ya Lweba juu ya ahadi yangu. Musema tu, hii iko ugonjwa gani?

Wa kwanza kujibu alikuwa Jacques. Alifagia duka la dawa kwa miaka mitatu, akatoka na koti jeupe lisilo na vifungo na jina la Farmasi.

— Malaria.

— Pilipili haiumwake na mbu!

— Nani alikuambia? Angalia vizuri. Jani iko natetemeka, rangi imekuwa manjano, kichwa imelala. Weye ukiwa hivi, bibi yako anakupeleka wapi?

— Iko natetemeka juu ya upepo, Farmasi.

— Hata mugonjwa wa malaria anasemaka ni upepo!

Benchi likapiga kelele. Déogratias, mtengeneza redio, yule wanayemwita Satelite, alikuwa ameshasimama na kikombe mkononi.

— Malaria ya wapi? Ni antene! Ile munara ya simu ya kilimani, baliisimamisha mwezi gani?

— Wa tano, alijibu Mahmudu.

— Na pilipili ilianza kujikunja lini?

— Wiki iliyopita.

— Voilà! Miezi yote ile mawimbi ilikuwa najipanga tu. Sasa iko tayari.

— Iko tayari kufanya nini?

— Kupiga! Imeanza na pilipili kwa sababu pilipili ni moto, na moto inaitaka moto. Ikimaliza pilipili itaingia kwa tangawizi. Assumani, weye ujichunge!

Assumani aliliweka birika chini taratibu. Alikuwa mtu wa kusubiri wenzake wachoke.

— Na basisimizi? Munabaona basisimizi? Banapanda, banashuka, mustari moja, habapumzike. Sisimizi hapandake mti wa mutu bure. Kuna mutu alibatuma.

— Mutu gani?

— Mutu mwenye anauzaka pilipili. Mutu mwenye alipokonywa kiliyenti, munuzi yake. Mi sitaji Lweba.

— Umeshaitaja! alifoka Mahmudu.

— Nimesema siitaji.

Mahmudu aliinama juu ya tairi la tatu. Alikuwa amefanya kila kitu alichokijua. Alinyunyiza majivu. Akamwaga maji ya tumbaku, asubuhi na jioni, kutoka juu, mpaka miti ikalowa kama imenyeshewa. Tumbaku haikuondoa kitu. Majivu yalishika, kwa kuwa majani yenyewe yalikuwa yananata. Aliwaambia hivyo, akanyoosha vidole wavione.

— Inanata kama mutu aliyapakaa sukari.

Farmasi aliruka.

— Sukari! Basi imetoka malaria, imeingia diabète! Hiyo haiponeke, Presho. Hiyo unapeleka mugonjwa nyumbani, unaita familia.

— Na inaambukiza, alisema Satelite.

— Diabète haiambukizake.

— Ya antene inaambukiza! Leo iko hapa, kesho iko sokoni, kesho kutwa inapanda mutumbwi inafika Kazimia. Fizi yote itakula mikeke bila pilipili, na batu batauliza ilianza kwa nani.

Sasa walikuwa wamesimama wote watatu, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo walikubaliana: ing'olewe yote, ichomwe. Wakainua mikono. Mikono mitatu dhidi ya miti isiyo na mkono hata mmoja.

Mahmudu hakupenda kuambiwa neno mara mbili. Aliushika mti wa kwanza, akavuta. Akashika wa pili, uliokuwa karibu na mkono wake, akavuta tena, na pilipili mbichi zikacheza kwenye matawi. Alisikia mizizi ikikatika mpaka kwenye viwiko vyake. Mkono wake ulikuwa umeshaushika wa tatu aliposikia sauti nyuma yake.

— Mahmudu! Mi nilikuomba pilipili ama kuni?

Félicité alikuwa anatoka sokoni, beseni kichwani.

— Iko na ugonjwa, mama.

— Ugonjwa gani?

— Malaria, alisema Farmasi.

— Antene, alisema Satelite.

Félicité hata hakuwaangalia.

— Mahmudu, sema wazi. Nikungojee ama nirudi kwa bamama ba Lweba? Jumamosi batu ba boti banashuka na njaa, mi siwezi kubapatia mukeke na maneno.

Kabla hajajibu, mwanamke mmoja alikuwa amefika akisukuma baiskeli yenye tairi la nyuma lililolala kabisa. Félicité akageuka.

— Suzanne! Si weye huyu!

— Njo mi, mama.

— Huyu njo mwenyewe alikuwa ananiletea pilipili ya Lweba, Félicité aliwaambia.

Assumani akapata kazi ya haraka ndani ya birika lake.

Suzanne aliitazama miti, akaitazama ile miwili iliyolala chini, akauliza:

— Chini ya majani iko nini?

Farmasi alimwangalia Satelite. Satelite alimwangalia Assumani. Mahmudu akakohoa.

— Nilimwaga dawa kwa juu...

— Papa, sikuuliza juu.

Mahmudu akaligeuza jani kwa vidole viwili. Upande wa chini ulikuwa umejaa: vidudu vya kijani, vinene, vimebanana bila nafasi, na sisimizi wanatembea katikati yao kama wenye mifugo.

— Ni chawa ya majani, alisema Suzanne. Inanyonya mti, inakojoa sukari, sisimizi banalamba, banailinda. Twaa maji, sabuni kidogo. Kidogo, papa, ukizidisha utaichoma. Osha kwa chini, jua ikishuka. Rudilia siku tatu zikipita. Jani yenye ilijikunja haitanyooka, usiingojee. Angalia yenye itaota mupya.

Assumani hakuweza kujizuia.

— Na unamsaidia kwa nini? Weye si njo ulipoteza kiliyenti?

— Chawa yenye mabawa inajua njia ya Lweba? Inaijua. Ikishiba hapa, inanifikia.

Mahmudu alisimama wima mbele ya Félicité. Hakutazama pembeni.

— Mama, jumamosi ndoo haitajaa. Nitakupa nusu, nayo imeoshwa. Sikuangalia chini ya jani, nilisikiliza benchi. Hii miwili haikuuliwa na ugonjwa, ni mi.

— Nusu yako, alisema Félicité, na nusu Suzanne alete. Yenye itakuwa mubaya, nitaiona mi mwenyewe.

Suzanne alikuwa ameinama kwenye ile miwili iliyong'olewa.

— Na hii, zote mbili zilikuwa na chawa?

Mahmudu alipiga goti. Mti wa kwanza ulikuwa nao, chungu nzima. Akageuza jani la mti wa pili, akageuza jingine, akageuza yote mpaka kileleni. Safi. Majani yake yalikuwa yamenyooka tangu mwanzo, na ulikuwa na pilipili nyingi kuliko yote iliyosimama. Kosa la mti huo lilikuwa kukaa karibu na mkono wa Mahmudu.

Satelite aliketi tena.

Mahmudu aliufukua udongo wa tairi kwa mikono yote miwili, akauingiza mti, akaukandamiza.

— Itashika? aliuliza, kwa sauti ambayo benchi halikuwahi kuisikia kutoka kwake.

— Chuma pilipili yote, kata nusu ya majani, mwagia maji, weka kivuli, alisema Suzanne. Kesho itakuambia yenyewe.

Farmasi alivua koti lake jeupe bila kuombwa, akalitandaza juu ya mti.