Miaka Thelathini na Moja Katika Kiti cha Pembeni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, chuo chetu cha udereva kinamuaga mwalimu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja karibu bila kushika usukani. Wanafunzi humwita Mzee Pembeni, maana kiti chake ni kile cha kando ya dereva, chenye breki yake ya ziada chini.

Somo lake la kwanza halikuwa la gia. Alimweleza kila mwanafunzi kwamba kukaa pembeni mwa mtu kuna maana tatu: kumlinda, kumshuhudia, na kushtakiwa pamoja naye. Kisha alifunga mkanda, akavuta pumzi, akamruhusu awashe gari.

Kazi kubwa ilifanywa na mguu wake wa kulia. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliwahi kumuuliza, kwa heshima zote, kama hutembea kwa kurukaruka, kwani soli ya kulia iliisha mara mbili kabla ya ya kushoto. Mguu wenyewe haukujua likizo. Kwenye harusi ya binti yake, hotuba ya mkwe ilipoanza kwenda mbio, mzee alikanyaga sakafu hadi meza ikatikisika. Vikaoni hukaa kando ya mkurugenzi, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake na alifeli mara mbili. Mkurugenzi akisikia kishindo chini ya meza, hupunguza mwendo wa maneno.

Hatujasahau siku mwanafunzi mmoja aliporudi nyuma moja kwa moja hadi kwa kinyozi. Breki ya mzee ililisimamisha gari shibiri moja kutoka kwenye kioo, na mteja alikuwa ameshatoka mbio, kanyolewa upande mmoja. Mzee alishuka, akaomba radhi, akaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi na kunyolewa yeye, ili mwanafunzi apate muda wa kumaliza kutetemeka.

Kuna mtu mmoja tu ambaye mzee alikataa kumfundisha: mkewe. Alidai ndoa haina breki mbili. Mama ni fundi cherehani, na duka lake liko upande wa pili wa mji. Huondoka asubuhi, hurudi jioni. Mwezi uliopita, tukinywa chai, mzee aliniambia kwamba uzee haumtishi. Kinachomtisha ni kuamka Jumatatu na kukosa mtu wa kukaa kando yake. Roho iliniuma, nikainamia kikombe changu, maana nilikuwa na siri.

Kwa miezi mitano, kila Jumanne, mzee akiwa darasani na alama za barabarani, mimi nilikuwa nje na gari la pili nikimfundisha mkewe. Ofisi nzima ilijua, hata mlinzi wetu, ambaye kwa kawaida hakai na siri hadi saa nne. Alhamisi iliyopita Mama alifaulu kwa jaribio la kwanza, jambo ambalo mkurugenzi ameomba lisitiliwe mkazo.

Basi mzee wetu, kwa kuwa wewe husoma ratiba ya sherehe yote, pamoja na ukurasa huu, kabla ya hotuba kuanza, umeshajua. Gari jeupe lililoegeshwa nje ni lenu. Kuanzia Jumatatu mtakwenda wote dukani, na kiti chako kiko tayari kando ya cherehani. Asante kwa kutulinda, kutushuhudia na kushtakiwa pamoja nasi. Tunakutakia siku njema na soli zinazoisha pamoja.

Gari hilo halina breki upande wako. Mama amesema ukanyage tu sakafu, atakuelewa.