Kikombe chenye Alama Nyekundu

Benchi lililo nje ya duka la fundi cherehani lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Kila alasiri hulikalia wanaume watatu wasiokubaliana hata leo ni siku gani. Profesa, mwenye duka, hana meno ya mbele. Bomba, fundi wa mabomba, hukohoa kama mashine ya kusaga. Katibu ndiye mwenye daftari la ukoo wake, nani alizaliwa lini na nani alizikwa wapi, na hajawahi kukosea tarehe. Muuza kahawa ana birika moja, vikombe viwili na ndoo ya kusuuzia. Siku hiyo Katibu alikaa na daftari limefungwa mpaka Bomba akamuuliza kama amefiwa.

— Nina rafiki yangu, alisema Katibu, ana mdogo wake wa kike anayeishi na virusi. Kamchukua nyumbani, anamkumbusha dawa, anamsindikiza kliniki. Leo asubuhi mdogo mtu kafunga begi. Jioni anahamia chumba cha kupanga.

— Huyo rafiki yako, aliuliza Profesa, naye ana daftari la ukoo?

— Kunywa kahawa yako.

— Kakosewa nini? alidakia Bomba.

— Hakuna! Hata kikombe anacho cha peke yake, kina alama nyekundu ukingoni.

Bomba alimpokonya Profesa kikombe, akapiga funda, akakirudisha.

— Hiyo ni heshima! Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe kikombe.

— Ni jembe, bwana, alisahihisha Katibu.

— Jembe utalinywea chai?

— Kosa ni kuishia kwenye kikombe, alisema Profesa. Angempa na kijiko, na kiti, na kamba yake ya kuanikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Basi ajengewe ukuta! alidakia Bomba. Na mlango wake! Bomba la maji nitamvutia mimi. Mtu ana nyumba yake ndani ya nyumba, atahamia wapi tena?

Katibu alikaribia kuliandika hilo.

— Kwani muuguzi wa kliniki alisemaje? aliuliza muuza kahawa.

— Alisema vyombo havina neno, wale pamoja.

— Rafiki yako hakusikia?

— Alisikia. Aliandika. Akapiga na mstari kwa rula.

Kesho yake ndipo alipokitia kikombe alama. Hilo Katibu hakulisema.

Mwanamke mmoja alivuka barabara, akasimama mbele yao.

— Shikamooni, kaka zangu.

— Marahaba.

Aliweka kikombe juu ya benchi. Kilikuwa na alama nyekundu.

— Kaka, nimekurudishia kabla sijaondoka. Na rangi hii ni ya kucha zangu. Ungeomba tu.

— Wewe na rafiki yako mnafanana sana, Bomba alimnong'oneza Katibu.

Dada mtu alivitazama vile vikombe viwili, akaitazama midomo mitatu.

— Na hapa, kikombe cha nani ni kipi?

Bomba alikohoa, akaziba mdomo kwa mkono, jambo ambalo benchi halikuwahi kuliona. Profesa alianza, “Undugu ni kufaana, si...” methali ikamponyoka kwenye pengo la meno. Katibu, mwenye jibu la kila tarehe, alitazama ndoo.

Muuza kahawa alitikisa birika.

— Imebaki ya mtu mmoja.

— Mimina humu, alisema Katibu, akisogeza kikombe chenye alama.

Alikunywa nusu, mdomo juu ya wekundu wenyewe, akampa dada yake.

— Umeniachia machicha, kaka.

— Hapa ndivyo tunavyokunywa.

Dada yake alikaa. Benchi likayumba juu ya tofali. Akamaliza yote, na machicha yake.

Katibu alikichukua kikombe, akakisugua kwa kidole gumba.

— Maji hayaitoi rangi hiyo, alisema dada yake. Dawa ya kuitoa ninayo mimi, iko nyumbani ndani ya begi.

— Basi twende tukalifungue.