Mzee Sixte na Chombo ya Kumi

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Mimi ni Erasmus wenu, yule mnayelalamika kwamba nacheka kuliko ninavyopiga muziki. Leo nitacheka kidogo. Tunamkumbuka Mzee Sixte, fundi baiskeli wa Majengo, aliyezikwa juzi Ilembo. Mzee Sixte, fundi baiskeli. Lakini watu wa Mpanda hawakumjua kwa baiskeli. Walimjua kwa sauti.

Mzee Sixte alikuwa mtafsiri wa picha katika banda la video la Masele. Kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka Misa na kula, alikaa pembeni ya televisheni ya chogo, ameshika kipaza sauti, akatueleza wanachosema wazungu. Na picha iliyotujaza pale ilikuwa moja tu. Ile ya wasafiri wa angani. Ilikuwa na jina refu la kigeni ambalo hakuna aliyejisumbua nalo. Sisi tuliiita Chombo. Chombo ya kwanza, Chombo ya pili, mpaka Chombo ya tisa. Ukimkuta mtu sokoni hamsalimiani, mnaulizana, "Ile ya nne umeiona?"

Sasa, sidii zile zilitoka ng'ambo ya ziwa, kwa Wakongo. Zilikuwa zinaongea Kifaransa. Na Kifaransa cha Mzee Sixte, Mungu amrehemu, kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Hakikuzidi hapo. Lakini nani angejua?

Kapteni alimpa jina la Dieudonne. Jitu refu lenye mikono minne akaliita Manyanda. Masele, mwenye banda, ambaye ni Msukuma, akaruka.

"We Sixte! Kwa nini jitu la mikono minne liwe Msukuma?"

"Shemeji, ng'ombe wote wale utawaswaga kwa mikono miwili?"

Banda zima chini. Na Masele mwenyewe alicheka mpaka akazima jenereta kwa bahati mbaya.

Katika tafsiri ya Mzee Sixte, Kapteni Dieudonne alikuwa anatafuta kwao. Alitolewa akiwa mchanga, hakumbuki njia. Anazunguka nyota kwa nyota, anabisha hodi, anaambiwa siyo hapa. Mama Lucia, muuza mchele wetu, alilia katika kila sehemu. Mimi pia nililia, ila nilisingizia moshi wa jenereta.

Binti wa Mzee Sixte, Pudensiana, ameniambia hivi: "Baba aliletwa kambi ya wakimbizi ya Katumba mwaka 1972, mgongoni kwa bibi, kutoka Burundi. Huko hakukumbuka hata mti mmoja. Baadaye alipata uraia, akajenga, akatuzaa. Lakini ukimsikia anatafsiri, unajua."

Sisi hatukujua. Mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kujua, na ndiye niliyeharibu.

Mwaka 2016 niko kidato cha nne, nimepata simu, nimepata Chombo yenye maandishi ya Kiswahili chini. Nikasoma. Kumbe kapteni hatafuti kwao! Ni mwizi wa mafuta, anakimbia polisi. Jumapili iliyofuata, katikati ya picha, nikasimama banda zima likiniona.

"Mzee Sixte, unatudanganya! Huyo ni mwizi! Mimi nimesoma!"

Watu walicheka. Wasikilizaji wapendwa, walicheka sana. Mzee Sixte akaweka kipaza sauti juu ya kiti, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Basi nyie mmesoma. Endeleeni."

Akatoka. Hakurudi kwa miaka minane. Miaka minane, hakutafsiri neno. Masele akaweka picha zenye maandishi. Mama Lucia alivumilia Jumapili mbili, akasema, "Naangalia midomo tu inacheza," akaacha kuja. Wengine wakamfuata. Banda likabaki la mpira.

Mwaka jana ikatoka Chombo ya kumi, ya mwisho. Masele akaipata, akagoma kuifungua bila Sixte. Na Mzee wakati huo alikuwa anaumwa figo, siku zake zilikuwa zinahesabika. Masele akaniita: "Uliyemfukuza ni wewe. Kamrudishe wewe."

Nikaenda kwake Ilembo. Nikamkuta uani, anakaza spoku za gurudumu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, msomi. Leo umekuja kusahihisha nini, spoku?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Si ulisoma vizuri?"

"Nilisoma vizuri, Mzee. Nilikosea kusimama."

Aliendelea na gurudumu lake. Mkewe, Mama Getrude, anasimulia: "Wiki nzima alikuwa kwenye spoku zake tu. Jumapili namwona anapiga pasi shati. Nikamuuliza unaenda wapi na hali hii? Akasema, kazini."

Banda lilijaa mpaka nje. Mama Lucia alikaa mbele. Maandishi yalikuwepo chini ya picha, na siku hizi karibu kila mtu anasoma. Mzee akatafsiri kwa sauti nyembamba, anapumzika, anaendelea. Mwishoni kapteni anajisalimisha. Chini pameandikwa wazi: "Mimi ndiye mwizi. Nifungeni."

Mzee Sixte akasema, "Nimechoka kuzunguka. Nionyesheni pa kulala. Hapa hapa panatosha."

Macho yote yakashuka kwenye maandishi, yakarudi kwake. Naye akanigeukia mimi, akaninyooshea kipaza sauti.

"Msomi. Hapo pameandikwaje?"

Nikasimama. Nikasema, "Pameandikwa hivyo hivyo, Mzee."

Akanitazama. Halafu akacheka, cheko lake la zamani. "Muongo mkubwa. Sogeza kiti chako, kaa hapa."

Nikakaa hapo mpaka majina ya waigizaji yakaisha kupanda. Hakutafsiri tena. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na nne.

Pole Mama Getrude. Pole dada Pudensiana. Pole Masele, na pole nyie wote mliowahi kukaa kwenye mabenchi yale. Mungu ampumzishe Mzee Sixte.

Na wewe unayenisikiliza, fikiria. Yupo mtu uliyemsahihisha mbele za watu akanyamaza mpaka leo. Kama bado yu hai, nenda kwake mchana huu. Ukifika, usianze kumweleza kwamba ulikuwa sahihi. Anajua.